Msokoto wa Kinyume

Tuanzie hapa, maana wapo waliozaliwa juzi wanaoapa kwamba mambo yalikuwa hivi tangu kuumbwa kwa dunia. Si kweli. Zamani mtu alikuwa na mikono miwili.

Hatibu mpota kamba aliikumbuka zamani hiyo, na kukumbuka ndiko kulikokuwa maradhi yake. Alikumbuka kupiga makofi. Hebu mwambie kijana wa Mizanini kwamba kiganja kikikutana na kiganja hutoa mlio. Atakutazama kama anavyotazamwa mtu anayezungumza na ukuta. Mizanini watu hushangilia kwa kujipiga paja kwa mkono wa kuume, kwa sababu mkono wa kuke, yaani wa kushoto, umo ndani ya mfuko wa turubai, umefungwa kwa ukanda juu ya kiwiko, na ukanda umepigwa lakiri ya serikali. Ng'ambo, upande wa pili wa Mji, huko Ngomani, wamefunga wa kuume wakaacha wa kuke. Na ile methali ya mkono mmoja na kulea mwana imefutwa vitabuni. Palipokuwa na maneno pana doa jeusi, na watoto wa shule hulisoma kwa sauti moja, "Doa!", wakapewa vema.

Mji ni mmoja, hilo ulishike. Ni mmoja kama korosho ilivyo moja ndani ya ganda lake, hata kama kiini chake huachana vipande viwili ukikibana kidogo. Mbingu yake ni mfupa: nyeupe, ya mviringo, iko karibu mno, haina jua, na mwanga wake haijulikani unatoka wapi. Katikati ya Mji unapita Ufa. Watu wametupa mawe humo tangu enzi za mababu, na mpaka leo hakuna jiwe lililosikika likifika chini. Juu ya Ufa liko daraja la kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, jina lake Ukano. Kwa karne nyingi mtu alitoka kwake asubuhi akaenda upande mmoja kupima kiwanja, akarudi alasiri upande wa pili kumlilia jirani aliyefiwa, wala hakujua kwamba amevuka kitu. Alijua tu kwamba alikwenda na sasa amerudi.

Halafu ikaja Amri ya Upande Mmoja. Ilikuja na wataalamu, na mchoro wa kichwa kilichopasuliwa na kupakwa rangi mbili, na maelezo marefu kwamba taifa linachelewa kwa sababu watu wake wanafikiri huku wanahisi na wanahisi huku wanafikiri, na kwamba hakuna mtambo unaokwenda mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Kila mtu apimwe, apelekwe anakofaa. Na watu wakapanga foleni. Hilo ndilo linalomkereketa Hatibu hadi leo: hawakuburutwa! Walipanga foleni wenyewe, wanaume dirisha hili, wanawake dirisha lile, wakagombana nani kamkatia nani mstari, wakabebeana viti, wakauziana karanga, kama watu waliokwenda kuchukua kitu na si kuchukuliwa.

Swali lilikuwa moja kwa wote. Karani aliuliza bila kuinua uso:

"Mtoto analia. Kwanza utafanya nini: utamuuliza au utambeba?"

Ukisema utamuuliza, Mizanini. Ukisema utambeba, Ngomani. Aliyejibu kwamba atafanya yote mawili alirudishwa mwisho wa foleni mpaka apate akili, na wapo waliorudishwa mara tatu, na mara ya nne akili ikawaingia.

Hatibu alisema, "Nitamuuliza."

Alisema hivyo kwa sababu ya Kilua, binti yao, aliyekuwa na miaka mitatu. Alasiri moja Kilua alilia uani, kando ya lundo la makumbi. Hatibu alikuwa mtu wa kubeba. Alimnyakua, akamweka begani, akatembea naye huku na huku akimwimbia ujinga wowote uliomjia mdomoni, na mtoto akatulia. Ndivyo alivyodhani: ametulia. Hakumuuliza kitu. Hakumtazama kisigino, ambako palikuwa na vidoa viwili vidogo vya damu, kimoja kando ya kingine, kama alama zinazoachwa na meno ya nyoka wa makumbini. Kabla ya usiku mtoto hakuwepo duniani. Tangu siku hiyo Hatibu aliapa kwamba hatabeba tena kitu chochote duniani kabla ya kukiuliza.

Na Mize, mkewe, alikuwa mwanamke wa maswali. Alimuuliza muuza chumvi chumvi imetoka wapi, akamuuliza na anayemwamkia kwa nini leo kaamka mapema. Hatibu alijua, kama mkono ujuavyo njia ya kinywani, kwamba Mize naye atasema hivyo hivyo, nao watakwenda pamoja wakafie upande mmoja. Akasikia sauti yake kutoka dirisha la pili, kavu, haina hata mkunjo:

"Nitambeba."

Mhuri ukagongwa.

Basi akaelewa, au alidhani ameelewa. Mke wangu amenikimbia. Amedanganya ili asikae na mtu aliyemwimbia mtoto mpaka akafa. Kwa nini, Mize? Ungeniambia. Ungenitukana. Ungenipiga kwa mchi, ningekuinamia. Kwa nini, Mize? Siku ya kwanza kwa nini. Siku ya mia, kwa nini. Siku za Mizanini hazina majina, zina namba tu, na kila namba ilikuja na swali hilo hilo likiwa limevaa namba mpya. Asubuhi nyingine aliamka hajui kama yeye ndiye Hatibu au ndiye swali lenyewe, na kwamba huenda Hatibu ni jina la mtu mwingine, mtu aliyekuwa na mikono.

Mizanini wanaishi kwa asilimia. Msemaji wa Ikulu hupanda jukwaani akatangaza furaha imepanda kwa asilimia saba, na aliyefiwa jana naye anajipiga paja, kwa sababu furaha imepanda, nani atabisha na tarakimu? Msiba una fomu. Mapenzi yana fomu na kiambatisho. Ngomani nako usidhani ni kwema, kama wanavyodhani wasiofika. Huko kiongozi hulia jukwaani, nao wanalia. Hucheka, nao wanacheka. Akinyoosha kidole kwa mtu, mtu huyo hana usiku wala mchana. Hakuna anayeuliza ushahidi uko wapi, maana anayeuliza ameshahukumiwa kwa kukosa moyo. Wanarudi makwao koo zimekauka, wamevaa fulana mpya yenye uso wa yule aliyewaliza. Huku wamenyimwa machozi, kule wamenyimwa swali. Na mwizi, ndugu yangu, haogopi machozi wala haogopi tarakimu. Mwizi anaogopa mtu anayelia huku akihesabu.

Sasa mambo ya kamba, maana hapo ndipo ilipo roho ya hadithi hii.

Usumba ukiusokota kulia, unataka kurudi kushoto. Ndiyo tabia yake, huwezi kuukanya. Uache kidogo tu, utajifungua wote. Wapota kamba wa zamani hawakupigana na tabia hiyo, waliitumia. Walichukua nyuzi mbili zilizosokotwa kulia, wakazipota pamoja kwa kushoto, na hapo kila uzi unapotaka kujifungua unamkaza mwenzake. Kamba ni ugomvi uliotiwa adabu. Na kazi hiyo hufanywa na wawili waliosimama mbali, mmoja ncha hii na mwingine ncha ile, huyu akizungushia huku na yule akizungushia kule, wakitazamana. Hatibu na Mize waliposikilizana nyumbani au walipokosana, kamba ndiyo iliyojua. Kamba za mababu zilipooza, Ukano wote ulisokotwa upya na wao wawili. Ukijua kusoma kamba ungeweza kuonyesha hatua ya daraja ambapo Mize alikuwa mjamzito, kwa jinsi msokoto ulivyolegea kwa huruma, na hatua nyingine, karibu na katikati, ambapo umekazwa mpaka usumba ukatoa unga. Hapo ni wiki ile ya Kilua.

Lakini Amri ilipiga marufuku msokoto wa kinyume. Kinyume ni kigeugeu, walisema. Taifa linasokota upande mmoja. Na hata isingekatazwa, mkono mmoja na paja moja vinasokota kwa upande mmoja tu. Ndipo ikatangazwa kwamba Ukano umechakaa, kwamba litajengwa Daraja la Kisasa, kila upande usokote nusu yake ya kamba kwa ufundi wake, na siku ya elfu saba na mia mbili na tatu fundi mmoja wa huku na mmoja wa kule wakutane katikati ya daraja la zamani, wafunge fundo. Kisha la zamani likatwe.

Fundi wa Mizanini alikuwa Hatibu. Kamba yake ilipimwa urefu, unene na uzito, ikapata alama zote. Naye alijua haitabeba hata mbuzi. Alijua, akanyamaza. Andika hilo, usimfichie: alinyamaza. Angesema wangemweka fundi mwingine, na alikuwa ameshasikia fundi wa Ngomani ni nani.

Siku hiyo watu walijaa ukingoni pande zote mbili. Msimamizi Sudi, mtu mwembamba mwenye utepe wa kupimia shingoni, alimkagua Hatibu lakiri ya mfuko.

"Una muda wa fundo tu," alisema. "Fundo la kawaida ni pumzi mia moja na ishirini. Nitazihesabu."

"Zangu au zako?"

"Usinichezee, fundi. Na urudi huku huku. Ukigeukia ng'ambo, au yule mwanamke akigeukia huku, daraja linakatwa nanyi mko juu yake. Nimeandikiwa hivyo."

"Na wewe ungependa iwe hivyo?"

Sudi alipepesa macho kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya utotoni mwake. "Kupenda kuko ng'ambo," alisema. "Nenda."

Hatibu akaikokota ncha ya kamba yake juu ya Ukano. Kwa kila hatua alikanyaga mwaka wa maisha yake. Hapa Mize alicheka. Hapa waligombana juu ya paka. Hapa mimba. Ng'ambo akaona kanga inakuja, na nyuma ya kanga kamba nene inayoburutwa kama mkia. Mwili wa Mize ulikuwa umepungua, lakini mwendo ulikuwa ule ule wa mtu anayekwenda kudai jibu. Wakasimama pale palipokazwa sana.

"Hujambo, baba Kilua."

Tangu afike Mizanini hakuna aliyemwita hivyo. Huko alikuwa na namba.

"Sijambo, mama Kilua. Umekonda."

"Na wewe umeota kitambi. Kumbe hesabu zinashibisha?"

"Zinajaza. Kushiba ni jambo lingine." Akapiga magoti. "Huko mnakula nini?"

"Tunaimbiwa chakula." Naye akapiga magoti mbele yake. "Funga, wanatutazama. Shika hapo. Siyo hapo, hujaacha ubishi wewe?"

Wakaanza fundo. Mkono wa kuume wa Hatibu, mkono wa kuke wa Mize. Mmoja ukashikilia, wa pili ukapitisha, na ukitazama kwa mbali ungesema ni mtu mmoja aliyeinama anafunga kiatu.

"Niambie," alisema Mize bila kuinua kichwa, "huyo Mkuu wenu ana kovu chini ya sikio?"

"Analo. Juzi alikuwa kwetu uwanjani, anasoma takwimu."

"Juzi asubuhi?"

"Asubuhi."

"Basi alasiri alikuwa kwetu analia, mpaka kovu likalowa." Mize akacheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Tulimwona akijipangusa machozi kwa mkono huu na kamasi kwa mkono ule. Nikajiuliza peke yangu, mbona huyu ana mikono miwili?"

Hatibu hakucheka. Pumzi zilikuwa zinakwisha, na ndani ya kifua chake lile swali lilikuwa limesimama wima.

"Mize, kwa nini ulijibu vile?"

"Vipi?"

"Dirishani. Nitambeba. Wewe! Wewe hujawahi kubeba hata maji bila kuyauliza. Ulitaka kunikimbia, sema tu. Nina haki ya kuambiwa. Mimi ndiye niliyemwimbia mtoto badala ya kumtazama, najua, ila ungeniambia."

Mkono wa Mize ukasimama juu ya fundo.

"Alipolegea begani kwako ukamleta kwangu ndani," alisema polepole, "ukakimbia kumwita mganga. Unakumbuka? Mimi nilimkalisha mkekani. Nikamuuliza. Wapi panauma? Tangu lini? Umekula nini? Umechezea wapi? Moja baada ya moja, kwa mpango, kama unijuavyo. Na yeye hakuwa na maneno. Alininyooshea mikono tu. Yote miwili, hivi. Nikamwambia ngoja, niambie kwanza. Ngoja, mwanangu, kwanza niambie." Akavuta ncha ya kamba. "Nilipokiona kisigino, mikono ilikuwa bado imenyooka, lakini hakuwa akininyooshea mimi tena. Sikumbeba, Hatibu. Amekufa hajabebwa. Hilo sikukuambia. Ukiuliza kwa nini nilijibu vile, ndiyo hivyo. Nikaapa mtoto yeyote atakayelia mbele yangu, nitambeba kwanza, hata kama ni mtoto wa karani, hata kama ni wa maneno matupu."

Hatibu aliipokea ncha ile, akaipitisha.

"Nami nilijua wewe utasema nitambeba," Mize akaendelea. "Wewe ni mbebaji tangu uliponioa. Nikasema, angalau tutakuwa pamoja. Nikasikia ukisema utamuuliza. Nikajua umenikimbia. Umejua nilivyomfanya."

"Mimi nikukimbie wewe?"

"Na mimi nikukimbie wewe?"

Hapo, ndugu, juu ya shimo lisilo na mwisho, ndipo walipoelewa kilichopimwa siku ile madirishani. Haikupimwa akili wala moyo. Kilipimwa kidonda. Kila mmoja alijibu pale palipomuuma, wakampeleka upande usio wake, na wakaita utaalamu. Na mimi nauliza, ni wangapi huko Mizanini ni wabebaji walioungua, na wangapi Ngomani ni waulizaji waliojuta? Huenda Mji wote umekaa upande si wake, kila mtu anasimamia kwa ukali sheria ya makosa aliyoyafanya siku moja alasiri.

"Twende wote," alisema Hatibu. "Kwangu au kwako. Wakate, wasikate."

"Kamba hii mpya itashika?"

"Haitashika. Ni ya upande mmoja."

"Na yetu vilevile. Tunasokota mpaka wimbo uishe." Akamtazama sana. "Basi tukienda upande mmoja, nani atashika ncha ya pili?"

Akaufungua mshono wa mfuko wake kwa meno, kidogo tu, penye tundu la sindano, akavuta. Ukatoka uzi wa usumba, mwembamba kama unywele wa mtoto. Mkono uliofungwa, ule wa kuume ambao serikali ilidhani umelala, ulikuwa ukisokota gizani kwa miaka yote, kwa makombo ya usumba yaliyoingia mfukoni. Hatibu akautazama uzi ule kama aliyeona jina lake limeandikwa kwa mwandiko wa mtu mwingine. Kisha naye akapeleka meno kwenye mshono wake. Wake ulikuwa na uzi pia. Hakuwahi kumwambia mtu. Mkono wake wa kuke ulisokota bila kumuuliza.

Akampa Mize ncha ya uzi wake. Mize akampa ncha ya uzi wa kwake.

"Mia moja na kumi na tano!" Sudi alipaza sauti.

"Wewe zungushia kule," Mize alinong'ona. "Mimi nitazungushia huku. Usilegeze."

"Mize..."

"Nenda, baba Kilua. Nenda kabla sijakubeba."

Wakalikaza fundo, wakaachana. Kila mmoja akarudi kinyumenyume, mfuko wake ukitema uzi taratibu, wala hakuna mlinzi aliyeona, maana walinzi walikuwa wanatazama kamba nene. Hatibu alipofika ukingoni mapanga yakashuka. Ukano uliegemea upande, ukatulia kidogo kama anayetaka kusema neno, kisha ukaenda chini na mwaka wa paka, na wa mimba, na wa Kilua. Hakuna aliyeusikia ukifika.

Tarumbeta ikalia. Likaletwa Jiwe la Umoja ndani ya wavu, likatundikwa kwenye kamba mpya, likasukumwa. Lilikwenda hatua kumi. Kamba ikaanza kuzunguka, polepole, kisha kwa kasi, nyuzi zikajifungua moja moja kama watu wanaoondoka kwenye mkutano, ikabaki nywele, halafu hata nywele hazikubaki. Jiwe likatumbukia.

Mizanini wakajipiga mapaja, kwa sababu ratiba ilisema hapo ni pa kushangilia. Ngomani wakapiga vigelegele, kwa sababu aliyeongoza wimbo alipiga. Mkuu alikuwa ameketi upande gani? Watu wa pande zote mbili wanasema alikuwa kwao.

Watu walipotawanyika Hatibu alikuwa bado ukingoni. Alikuwa akizungusha nyuzi mbili kwa vidole vya kuume, upande wa kule. Ng'ambo, pembeni mwa umati uliokuwa ukiimba, mtu aliyevaa kanga alikuwa akizungusha upande wa huku. Katikati ya Ufa nyuzi zikaanza kushikana. Kamba yenyewe ilikuwa nyembamba, isingebeba hata kuku. Ilishika.

Sudi akaja na fomu. "Fundi, nini hicho mkononi? Kina urefu gani?"

Kamba ilikuwa imeanza kutetemeka mkononi mwa Hatibu. Mtetemo ulikuja kwa vipindi, ukakatika, ukaja tena, kama mabega ya mtu aliyeficha uso. Mtu wa Mizanini angeuliza. Ni upepo, au ni yeye? Tangu lini? Wapi? Hatibu akaipitisha kamba chini ya kwapa, akaivusha mgongoni, akaifunga kifuani kama inavyofungwa mbeleko, akaanza kuyumba polepole, mguu huu na mguu ule, huku akiimba ujinga wowote uliomjia mdomoni.

"Nimekuuliza, fundi. Unafanya nini?"

Ng'ambo ya Ufa, mbali, mdomo wa Mize ulikuwa ukicheza. Hakuwa akiimba pamoja na wale wengine, kwa kuwa midomo yao ilifunguka na kufungika pamoja, bali wake haukufuata. Sauti haikufika. Lakini Hatibu aliujua mdomo ule, na alijua unavyokaa unapouliza.

Wapi panauma?

Akamnyanyua kidogo mgongoni, yule aliyekuwa akilia ndani ya kamba, ili akae vizuri, akaendelea kuyumba.